Ukuta Uliolambwa na Ng'ombe

Karatu wananiita Fundi Bahari. Wajukuu wangu wanadhani niliwahi kufanya kazi melini, na mimi sijawasahihisha, maana mtu akikupa cheo bure hukirudishi. Lakini ninyi mnaoshika mwiko leo, mnaonisimamisha barabarani na kuniuliza siri za kazi, nitawaeleza ukweli wote. Nimeshastaafu, hakuna tena wa kuninyang'anya kibarua. Siku nilipopewa jina hilo nilikuwa sijawahi kuiona bahari. Niliyokuwa naifahamu ni ile ya kwenye kalenda ya dukani, na hata hiyo ilikuwa nusu, kwa sababu mwenye duka alichana nusu nyingine akafungia mtu sukari.

Jina lilitokana na ukuta mmoja, na mwenye ukuta aliitwa Tluway. Alikuwa na lori lake, akipeleka maharage na vitunguu Tanga na kurudi na chochote kilichopatikana. Ilikuwa miaka ya themanini, miaka ambayo mtu akipata mche wa sabuni anauficha chini ya kitanda. Safari moja Tluway alirudi na mke. Bi Mwanahamisi alikuwa mwanamke wa Tanga, mwembamba, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu. Siku ya harusi Tluway aliwaahidi wakwe zake kwamba binti yao hatakosa kitu chochote huku milimani. Mama mkwe akauliza, "Hata bahari?" Naye, kwa kuwa alikuwa ameshiba pilau, akajibu, "Hata bahari."

Ndiyo maana siku moja aliniita kibarazani kwake na kuniambia, "Fundi, nataka bahari ukutani."

Alikuwa ameliona jambo hilo Tanga, kwa mgeni mmoja aliyekuwa akimpelekea vitunguu. Tangi limejengwa ndani ya ukuta wa sebule, mbele kioo, ndani maji ya bahari, na samaki wa rangi wanapita humo huku watu wamekaa wanakunywa chai. Akaniuliza kama nimewahi kujenga kitu cha namna hiyo.

Kabla sijawaambia nilichojibu, lazima mjue hali yangu. Kazi nilifundishwa na Fundi Petro wa Endabash, mtu mfupi, mkali, mwenye mkono mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona. Nilimbebea karai la zege kwa miaka, mpaka nywele za utosini zikakata tamaa ya kuota. Mwishowe tuligombana juu ya kona moja ya nyumba. Mimi nilisema imepinda, yeye akasema kilichopinda ni shingo yangu. Nilipoondoka kwa hasira aliniambia mbele ya watu, "Nenda. Utarudi. Na ukirudi utakuta nimekutunzia karai lako." Maneno hayo yalifika Karatu kabla yangu. Tangu hapo nilikuwa nimejenga choo kimoja na ngazi tatu za kanisa. Nilihitaji kazi moja tu ya kuonekana, nisirudi Endabash kulibeba lile karai.

Kwa hiyo nikamjibu Tluway, "Nimejenga mawili. Tanga."

Bi Mwanahamisi alikuwa pembeni anapepeta mchele. Akainua kichwa. "Tanga sehemu gani, fundi?"

"Kule, mama... karibu na maji."

"Aa. Karibu na maji," akarudia taratibu.

Tluway alifurahi. Akasema mimi nijenge tangi, yeye ataleta maji, samaki na matumbawe, kisha akaenda kulitazama lori lake. Sasa hapo pana neno. Sisi tuliokulia kijijini Kansay, Kiswahili tulikikuta shuleni, na mwalimu wetu naye hakuwa mtu wa pwani. Matumbawe ni yale mawe hai ya baharini, yanayoota kama vichaka na kuwaficha samaki. Mimi sikuwahi kulisikia neno hilo. Kichwani mwangu lilipita mbio likajiunga na matumbo, na nikadhani ndivyo watu wa Tanga wanavyoutamka utumbo.

"Matumbawe!" nikasema, ili mama aone mimi ni mwenyeji. "Hayo nimeyala sana. Ya Tanga hayana mfano."

Bi Mwanahamisi hakucheka. Kwa hilo nitampa sifa mpaka naingia kaburini. Aliniuliza tu, kwa heshima zote, "Huyapenda ya kuchemsha au ya kukaanga?"

"Ya kuchemsha, mama. Na ndizi."

"Basi yakija nitakuita," akasema, akauinamia ungo wake. Mabega yalikuwa yanamtikisika, nikadhani ni kupepeta.

Nikaanza kazi. Tangi nililiweka kwenye kona ya nyumba. Uso wake ulitazama sebule, ubavu wake uligusana na jiko ili moto wa kupikia ulipashe joto, maana baridi ya Karatu mwezi wa Julai inaweza kumfanya samaki aombe sweta. Mgongo wake ulitazama nje, kwenye njia ya ng'ombe waendao mnadani. Juu nilitoa bati moja nikaweka la kupitisha mwanga. Hayo yote nilibuni mwenyewe na mpaka leo sioni haya kuyasema. Shida ilikuwa vitu viwili, kioo na mchanga.

Nianze na kioo. Petro alinifundisha kwamba kioo cha dirisha hufungwa kutoka upande wa kusimama fundi, halafu unakibana kwa vijiti vya mbao na misumari midogo. Nami nikasimama sebuleni kama bwana, nikafunga kioo kizito cha duka la zamani, nikakibana vizuri, nikajaza maji ya mvua ya kujaribia. Mchana ule alikuja katekista wa mtaa kuwasalimu wenye nyumba. Akapewa kiti cha heshima, mbele ya kioo, na kikombe cha chai. Maji hayapendi kufungiwa, vijana. Yalisukuma kioo taratibu kwa chini, misumari ikachomoka mmoja mmoja, na kabla katekista hajamaliza kusema "asante mama," maji yote yalikuwa yamehamia kwenye mapaja yake. Alisimama akichuruzika, kikombe bado mkononi, akasema, "Fundi, mimi nilishabatizwa."

Basi mjue. Kioo cha tangi kinaingizwa kutokea ndani, kikae nyuma ya fremu, ili maji yanavyokisukuma yazidi kukibana. Maji yenyewe ndiyo yanakuwa msumari wako. Pembeni nilizungushia lami iliyoyeyushwa, na haikuvuja tena tone. Halafu msiweke samaki kwenye tangi jipya. Saruji mpya ina ukali. Jaza maji, yaache siku kadhaa, mwaga, jaza tena, na kila mara yasugue kati ya vidole. Yakiteleza kama ya sabuni, bado. Nililiosha lile tangi mpaka Bi Mwanahamisi akaniuliza kama nalifundisha kuogelea.

Mchanga ndio ulioniumbua. Petro alikuwa na desturi ya kuonja mchanga kabla ya kuchanganya. Anachukua chembe, anaweka kwenye ulimi, anatema. Mchanga wenye chumvi anaumwaga, hata kama umetoka mbali, kwa sababu chumvi inavuta unyevu, inakula nondo, na inaitoa plasta ukutani. Alinifundisha hivyo tangu wiki ya kwanza. Sasa mvua zilikuwa kubwa, mchanga wa mtoni haukupatikana, na mtu mmoja akaniletea wa Mang'ola, kutoka pembeni mwa Ziwa Eyasi. Nikaonja. Chumvi tupu.

Hapo nikaacha akili ya fundi, nikatumia akili ya mfugaji. Kwetu sote, Wairaqw kwa Wamasai, tunajua ng'ombe aliyezoea magadi hadhuriki na magadi. Nikajiambia, ukuta huu maisha yake yote utaishi na maji ya chumvi, basi ni vizuri uizoee mapema. Nililiona wazo hilo zuri sana. Nilikaa chini nikajipongeza, nikachanganya zege.

Baada ya majuma kadhaa lori likarudi. Limejaa madumu, na madumu yamejaa bahari. Tluway alishuka akiwa amechoka na anacheka. Kwenye kizuizi kimoja njiani walimshusha, maana enzi hizo lori lenye madumu lilikuwa na kesi ya kujibu. Askari alifungua dumu la kwanza akanusa, akafungua la pili akaonja, akatema. "Hii nini?" "Bahari, afande." "Unaipeleka wapi?" "Karatu." Askari akamwita mwenzake naye aonje, na mwishowe wakamruhusu apite kwa kumwonea huruma.

Mimi nilipata habari kwamba matumbawe yamekuja. Nikafika pale na mkungu wa ndizi begani.

Bi Mwanahamisi alinipokea vizuri, akanipeleka kwenye pipa lililofunikwa gunia bichi. "Fundi, yamekuja yale uyapendayo. Chagua mwenyewe lililo laini."

Nikafunua. Nikaona mawe. Mengine yana matundu, mengine yana matawi, yanateleza, na kaa mmoja ananitazama. Nilibaki nimeinama, mkungu bado begani, nikitafuta utumbo ulipo.

"Fundi," akaniuliza, "umewahi kuiona bahari?"

"Nimeiona, mama. Kwa mbali."

"Ukiwa wapi?"

Nikaona hakuna pa kukimbilia. "Nikiwa hapa Karatu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Alijifuta macho kwa khanga, akanitazama, akaanza upya. Nilitamani ardhi ipasuke. Alipotulia aliniambia kwa sauti ile ile ya chini, "Mume wangu sitamwambia. Lakini kuanzia leo, kitu usichokijua niambie hukijui. Mimi nimeacha kwetu nikaja kukaa mbali, na bahari yangu yote ni hilo pipa na hayo madumu. Kuna kitu kingine unanificha?"

Nikaukumbuka mchanga.

"Hakuna, mama," nikasema.

Ndizi tulizipika na maharage.

Siku maji yalipojaa tangini na jua likapenya kwenye lile bati, kila kitu kiliwaka. Samaki wadogo wa milia wakatoka mafichoni, kaa akapanda jiwe kama mwenye shamba. Bi Mwanahamisi aliweka kiganja kwenye kioo, akavuta pumzi ndefu. Kisha akasema, "Harufu ndiyo hii." Nilijisikia fahari, na nilijisikia mwongo, vyote kwa pamoja, na sikupenda mchanganyiko huo.

Umeme haukuwepo, na samaki wanataka hewa ndani ya maji. Hapo Tluway alinisaidia. Tulichukua tyubu ya tairi la lori, tukaijaza upepo, tukaunga mpira mwembamba kwenye valvu mpaka chini ya tangi, ukatoa mapovu kidogo kidogo. Tyubu ikilegea unaijaza tena kwa pampu. Ikawa sheria ya nyumba kwamba mgeni akifika anapewa pampu kabla ya kiti. Mjumbe alipampu, majirani walipampu, hata katekista alipampu, ila yeye alifanya hivyo akiwa amesimama pembeni kabisa. Nilijifunza pia kwamba maji yakipungua unaongeza ya mvua, usiongeze ya chumvi, kwa kuwa maji ndiyo yanayokauka, chumvi inabaki pale pale. Hilo alinifundisha Bi Mwanahamisi, na leo nasema wazi kwamba nilikuwa silijui. Matumbawe mengi yalikufa yakawa meupe, sitawaficha. Leo mtu akiyabomoa baharini atashitakiwa, na ni haki. Sisi tulikuwa hatuelewi. Lakini samaki waliishi.

Baada ya muda nikaona ukungu mweupe mgongoni mwa tangi, upande wa nje. Nikaukwangua nikapiga plasta nyembamba na niru, ule uji wa saruji wa kulainishia, juu yake. Ukarudi. Nikapiga tena. Kila Tluway akiondoka na lori, mimi nilikuwa napita pale kama naenda dukani, mwiko chini ya koti. Naliona tatizo, nalifunika, na ninajua ninachofanya. Hilo ndilo kosa langu kubwa zaidi katika kazi hii yote, kubwa kuliko ule mchanga.

Walioniumbua ni ng'ombe. Siku moja ya mnada, mfugaji mmoja wa Ngorongoro, Mzee Lekishon, alikuwa anapitisha mifugo yake. Mtamba mmoja akatoka njiani, akaenda moja kwa moja ukutani, akaanza kulamba. Wa pili akafuata. Mara mgongo wote wa nyumba ulikuwa umejaa ndimi. Niru yangu ilikuwa inamenyuka na wao wanaitafuna kwa raha zao. Nilifika mbio nikiwafukuza kwa fimbo, na nikamkuta Bi Mwanahamisi ameshatoka nje.

"Sopa, yeyo," Mzee Lekishon akamsalimu kwa Kimasai.

"Ipa," akajibu. Alikuwa ameshajifunza.

"Nani alijenga ukuta huu?"

"Huyu hapa."

Mzee akanishika mkono kwa nguvu. "Fundi, hongera sana. Ng'ombe hawa wananisumbua, chumvi ya duka hawaitaki. Lakini wewe ukuta yako wanaipenda. Njoo nijengee kule nyumbani. Hata mfupi tu."

Katika miaka yangu yote ya kazi, sijawahi kusifiwa vile, wala kuumia vile. Bi Mwanahamisi alisogea ukutani, akapitisha kidole kwenye weupe, akakiweka ulimini. Akafunga macho. "Hii ni bahari yangu," akasema. "Inatoka."

"Ukuta unapumua, mama," nikaanza.

"Fundi."

Alisema hilo neno moja tu. Nikatazama juu. Palikuwa na ufa mwembamba, umenyooka kwa kufuata nondo, maana nondo ikishika kutu inavimba na kupasua zege. Juu ya ule ufa ilikuwa kenchi, na juu ya kenchi paa zima la nyumba. Ukuta ule ukilala, paa linamlalia yeye na samaki wake.

"Sijui, mama," nikasema. "Sijui nifanye nini." Ilikuwa mara ya kwanza maishani kulitamka neno hilo mbele ya mwenye nyumba.

Hakunigombeza. Aliuliza, "Yupo anayejua?"

"Yupo. Endabash."

"Basi kamlete, kabla Tluway hajarudi."

Nilikwenda kwa baiskeli, na sikumbuki njia, nakumbuka tu nilivyokuwa napanga maneno. Nilimkuta Fundi Petro uani anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, tangi, kioo, katekista, ng'ombe. Aliingia ndani akakaa kidogo, akatoka na karai. Lilikuwa lile lile, lililobonyea upande mmoja. Kumbe alilitunza kweli.

"Vaa," akasema.

Nililibeba kichwani kutoka Endabash mpaka Karatu, huku nakanyaga baiskeli na yeye amekaa nyuma. Watu wa sokoni walisimama. Mmoja akapaza sauti, "Fundi Bahari, leo umevaa kofia ya meli?" Ndipo jina lilipopatikana, na halijanitoka.

Petro alifika ukutani, akabanjua kipande cha plasta, akakionja.

"Mang'ola," akasema.

Nikaweka karai chini.

"Nilikufundisha kuonja mchanga?"

"Ulinifundisha."

"Ulionja?"

"Nilionja."

"Ukasikia nini?"

"Chumvi."

"Ukafanya nini?"

"Nikaona inafaa."

Petro alitafuta tofali akakaa. Alitazama chini kama mtu aliyepewa habari za msiba. Kisha akainuka, akavua koti, na tukaanza.

Tulisimamisha mirunda kulipokea paa. Maji na samaki tukavihamishia kwenye mapipa, tyubu ikafuata huko. Tulivunja nusu ya mgongo wa tangi, tukatoa nondo zilizooza, tukaweka mpya na kuzizika ndani zaidi, mbali na maji. Mchanga tuliufuata mtoni, tukauosha mara tatu. Ndani tulipiga plasta tabaka tatu nyembamba, kila moja ikinyweshwa maji ili isikauke kwa haraka, na juu niru ya kusuguliwa mpaka inang'aa. Haya yakumbukeni, ni ya Petro. Yeye alipiga, mimi nikabeba karai, tena mchana kweupe, na Karatu nzima ikapita kuangalia. Kila nilipokaribia kusema nimechoka alikuwa anaita, "Zege!"

Tulipokuwa tunapanga mawe kurudi tangini, Bi Mwanahamisi akasema, "Mzee, angalia hapo mguuni usinivunjie matumbawe."

Petro hakugeuka hata kidogo. Aliendelea kusugua niru, akasema kwa sauti ya mtu aliyetembea nchi nyingi, "Usiwe na wasiwasi, mama. Matumbawe nayajua. Nimeyala sana nilipokuwa Tanga."

Bi Mwanahamisi akanitazama. Mimi nikamtazama yeye. Mawe yenyewe yalikuwa pale pale, chini ya miguu ya Petro. Niliona nafasi yangu imefika. Neno moja tu, na mtu aliyenivalisha karai mbele ya watu angechekwa kuanzia Karatu mpaka Mbulu. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

Lakini yeye alikuwa ameshanitangulia. "Huyapenda ya kuchemsha au ya kukaanga, mzee?"

"Ya kuchemsha," Petro akajibu. "Na ndizi."

Nilichukua karai nikatoka nje. Niliegemea ukuta, upande wa ng'ombe, nikacheka mpaka nikapiga magoti. Miaka yote nilikuwa nadhani kwa yule mzee nilijifunza kushika mwiko tu.

Siku ya kumaliza, Bi Mwanahamisi alipika utumbo wa ng'ombe na ndizi, akauweka mbele yetu, akasema, "Karibuni matumbawe." Petro alikula sahani mbili. Akasema haya yalikuwa na ladha kuliko hata yale aliyokula zamani kule kwenyewe. Nami nikakubaliana naye, maana kwa kweli yalikuwa matamu.

Tluway akarudi jioni ile. Akaona mirunda imelala uani, akauliza kulikuwa na nini. Petro alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo. "Hakuna kitu," akamwambia. "Huyu fundi wako aliniita tuuongezee ukuta nguvu. Tangi kama hili linataka mafundi wawili." Alisema fundi. Hakusema kijana wangu, wala mbeba karai. Alipopanda gari la kurudi kwao, nilimpelekea karai lake, akalisukuma. "Baki nalo," akasema. "Tafuta wa kumfundisha."

Ukuta ule bado umesimama. Samaki waliisha zamani, na Bi Mwanahamisi siku hizi anahifadhi humo vyombo vyake vya chai, lakini mpaka leo ng'ombe wakipita wanageuza shingo.

Mimi na yeye tulikwenda pamoja kumzika Petro. Ikafika saa ya kusoma wasifu wa marehemu. Mtoto wake akasimama na karatasi, akasoma alikozaliwa, alikojenga, watoto na wajukuu, kisha akasoma, "Marehemu baba alitembea sana katika ujana wake, hadi Tanga, ambako alipenda mno kula matumbawe."

Bi Mwanahamisi aliingiza pembe ya khanga mdomoni. Mimi niliinamisha uso, machozi yakanitoka, mabega yakatikisika, na jirani yangu akanishika bega kunifariji. Nilikuwa nacheka, na nilikuwa nalia kweli, kwa sababu nilimpenda yule mzee na sikuwahi kumwambia. Ningeweza kunyoosha mkono na kusahihisha. Badala yake nilisubiri sala iishe, nikachukua lile karai lililobonyea, nikaenda kuchanganya zege la kaburi lake.

Mchanga niliuonja kwanza.